Mama Aliyeshika Ufunguo wa Kanisa

Maneno haya yalisemwa katika ibada ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya mama yetu. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ombi la ndugu ambao hawakuweza kufika.

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama wa umoja, wanakwaya, majirani, ndugu wa pande zote mbili, na wewe Baba uliyeketi hapa mbele: Bwana asifiwe.

Naomba nianze na ufunguo. Huu hapa. Ni ufunguo wa mlango mkubwa wa kanisa hili, na kwa zaidi ya miaka ishirini umelala nyumbani kwetu. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikipanga vitu vya mama, niliukuta mahali pake pa siku zote, kwenye kimfuko cha ndani cha mkoba wake, umefungwa kipande cha kitambaa cha bluu. Kitambaa hicho alikifunga makusudi ili aupate kwa kupapasa. Maana alikuja hapa giza likiwa bado halijaisha, na mkoba wa mama mnaujua wenyewe, hakuna kilichokosekana ndani yake.

Wengi wenu hamkuwahi kumwona akifungua mlango huo, wala msingeweza kumwona. Mlipofika ulikuwa wazi, madirisha yamefunguliwa, viti vimepangwa, vumbi la wiki nzima limekwisha kutoka. Kitambaa cha meza ya Bwana kimenyooka. Jina la mgonjwa limekwisha kufika kwa mchungaji kabla ya maombi. Mtu akiingia akakuta mambo yako sawa haulizi ni nani aliyeyaweka sawa. Anaketi, anaimba, anamwabudu Mungu wake. Ndivyo mama alivyotaka. Kazi yake ilikuwa ile ambayo ikifanywa vizuri haionekani, na ikikosekana ndipo watu wanapoanza kugeuka huku na huku. Mimi niliiona, kwa kuwa ni mtoto wake na nilibebeshwa ndoo. Kwa hiyo leo nimekuja kusema nilichokiona.

Jumamosi mchana nyumbani kwetu ilikuwa siku ya vitambaa. Kile cheupe cha meza ya Bwana kilikuja kimefunikwa ndani ya shuka safi, na sisi watoto tuliamriwa kunawa mikono hadi kwenye viwiko hata kama hatukuwa na nia ya kukigusa. Mara nyingi kilikuwa na matone ya nta ya mishumaa. Mama hakuigusa nta ikiwa laini. Aliiacha igande kabisa, ndipo akaibandua kwa mgongo wa kisu, polepole, kama anayemtoa mtoto mwiba mguuni. Kisha aliweka karatasi kavu juu na nyingine chini, akapitisha pasi ya vuguvugu, na nta iliyobaki ikanyonywa na karatasi. Aliinua, akalitazama doa kwenye mwanga, akabadilisha karatasi, akarudia. Ndipo alipofua. Wakati wa kupiga pasi alianzia upande wa ndani, kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo, na alipomaliza hakukikunja. Alikiviringisha kwenye bomba la karatasi ngumu, ili Jumapili kikitandikwa kisiwe na alama ya mkunjo hata mmoja.

Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa hivi, nilimwuliza ni nani atakayeuona huo mkunjo. Alinijibu bila kuinua macho kwenye pasi: “Mwenye huzuni hutazama chini. Atakitazama kitambaa.”

Sikumwelewa. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, Jumapili moja nilipoketi kwenye benchi lile la tatu na huzuni yangu mwenyewe, nikashindwa kuimba, nikashindwa hata kuomba. Nusu ya ibada ilipita ndipo nikatambua kwamba macho yangu yalikuwa yamekwama kwenye pindo la kitambaa kile. Kilikuwa kimenyooka. Sijui niwaelezeje kilichonisaidia pale. Najua tu kwamba kilinisaidia.

Tangu mama afariki, watu wamekuwa wakija nyumbani, na wengi hawaji mikono mitupu. Sizungumzii michango, ingawa kwa hiyo nayo tunawashukuru sana. Nazungumzia vitu. Mzee mmoja alikuja na sweta, akaniwekea magotini, akasema, “Hili alinifumia yeye.” Kijana mmoja, sasa ni baba wa watoto, alitoa mfukoni kadi ya aya ya Biblia, kingo zake zimelika, yenye mwandiko wa mama, alipewa akiwa darasa la shule ya Jumapili na hajawahi kuitupa. Hawakusema mengi. Walionyesha tu, wakakaa kimya.

Wakati huo nilimkumbuka Tabitha wa Yafa, yule aitwaye pia Dorkasi, katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Alipofariki, Petro aliitwa kutoka Lida. Alipopandishwa kwenye chumba cha juu aliwakuta wajane wamesimama wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Nimelisoma fungu hilo tena na tena siku hizi. Wale wajane hawakumweleza Petro sifa za marehemu. Walishika nguo, wakamwonyesha mishono. Na mwanamke huyo Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anamwita mwanafunzi. Katika Kigiriki cha Agano Jipya lote, hapo ndipo mahali pekee neno hilo linapoandikwa katika umbo la kike. Amepewa jina hilo mtu wa sindano na uzi.

Ila kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kuja nalo mkononi, nami nimesimuliwa na watu wanne tofauti, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Mama aliwakata kucha.

Katika mkoba wake, kando ya ufunguo, kulikuwa na kikata kucha. Alipokwenda kumwona mgonjwa au mzee asiyetoka nyumbani, hakusimama mlangoni kuuliza hali na kuondoka. Aliketi. Alisoma Neno kidogo, aliomba kwa ufupi, maana aliamini mgonjwa hachoshwi kwa maombi marefu. Kisha akaomba maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akaiweka mikono ya mgonjwa ndani yake ili kucha zilainike, halafu miguu, akakata moja moja, akakusanya vipande kwenye kiganja asiache hata kimoja kitandani. Nilimwuliza kwa nini kucha. Akasema dawa anapewa na daktari, chakula analetewa na majirani, maombi anaombewa na kanisa zima. Lakini mtu akishindwa kujiinamia, kucha zake zinaota na anaona aibu kumwambia mtu. Mama mmoja aliyeniambia habari hizi alinyoosha vidole vyake mbele yangu, akavitazama, akasema, “Tangu amekwenda, mwanangu, hizi zimeota.” Nilikwenda kuchukua beseni.

Sasa naomba niseme jambo ambalo si rahisi kulisema mbele yenu. Kuna miaka nililionea wivu kanisa hili.

Ninyi nyote mlimwita Mama. Watoto wa darasa lake walimwita Mama, kwaya ilimwita Mama, hata wazee waliomzidi umri walimwita Mama. Mtoto wa tumbo lake anasimama wapi katika foleni hiyo? Kulikuwa na siku ya kufunga shule nilipokuwa darasa la sita. Nilikuwa nimeshika nafasi ya pili, na nilikuwa nimwimbie mama yangu shairi mbele ya wazazi wote. Asubuhi ile alifika mtu mlangoni akilia, mtoto wake amefariki. Mama alifunga kitambaa kichwani, akaniambia Baba yuko safarini lakini yeye atajitahidi kuwahi, akatoka. Hakuwahi. Nilisema shairi langu nikitazama kiti kitupu. Niliporudi nyumbani sikumwambia kitu, naye alirudi usiku macho mekundu, akalala na nguo zake.

Jinamizi hilo nilitembea nalo zaidi ya miaka kumi. Nilimwambia nikiwa mtu mzima, kwa hasira ambayo hata mimi ilinishangaza. Nilijua atanijibu kwamba kulikuwa na msiba, na angekuwa na haki. Hakusema hivyo. Alizima jiko, akafuta mikono, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso nami, akasema: “Basi niambie ilikuwaje.” Nikamweleza. Nikamweleza nilivyovaa, nani alinitangulia, mahali nilipopotea kwenye ubeti wa tatu na mwalimu akaninong'oneza, watu walivyopiga makofi. Alitaka kila kitu. Alipoona sina la kuongeza, aliniomba nimsomee shairi lenyewe, nami kumbe nilikuwa bado nalikumbuka. Nililisema lote pale jikoni. Alipiga makofi. Kisha akasema, “Nisamehe. Ningeweza kumwomba mwenzangu mmoja abaki kule saa mbili. Sikuomba mtu. Kosa langu ndilo hilo.”

Nimelisema hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, sitaki tumfanye mama yangu malaika. Malaika hachoki na haombi msamaha, na yeye alichoka, na aliomba msamaha. Ya pili inawahusu ninyi, na naisema kwa upendo. Kweli hakuomba mtu. Lakini je, kuna aliyejitokeza kabla ya kuombwa? Tulimzoea. Jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa kila penye kazi na mtu wa kwanza kusahauliwa penye mapumziko, nasi watoto wake tulikuwa hivyo hivyo nyumbani, tena sisi zaidi. Mama mwenye kujitolea anaonekana kama chemchemi, na watu hawaiulizi chemchemi kama imeshinda vizuri.

Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 16, Paulo anatuma salamu kwa watu wengi kwa majina. Akifika kwa Rufo, anamsalimu yeye na mama yake, kisha anaongeza kwamba huyo ni mama yake Paulo pia. Jina la mama huyo hakuliandika. Hatuambiwi alimfanyia nini, kama alimfulia, alimuuguza baada ya mapigo, au alimgombeza kwa kutokula. Tunajua tu kwamba kulikuwa na mtu mzima, msomi, mtume, aliyekuwa mbali na kwao, na mwanamke mmoja akamfanya mwana. Nami nikisoma mstari huo siku zote humfikiria Rufo. Alijisikiaje waraka uliposomwa mbele ya watu, akasikia mtu mwingine akimwita mama yake “mama yangu”? Natumaini alitabasamu. Mimi ilinichukua muda, lakini leo natabasamu, na kila mmoja wenu anayemwita mama yangu Mama, nampa ruhusa yangu yote.

Hata hivyo kuna upande wake mmoja nauweka kuwa wetu. Na hapa nina mwenzangu katika historia.

Siku ya Mama, ile ya Jumapili ya pili ya Mei inayoadhimishwa katika nchi nyingi, ina chimbuko lake kwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliitwa Ann Reeves Jarvis, wa milima ya eneo ambalo leo ni jimbo la West Virginia, Marekani. Alizaa watoto zaidi ya kumi. Wanne tu ndio waliofika utu uzima. Nadhani ndiyo sababu mwaka 1858 alianza kuwakusanya akina mama wenzake katika vikundi vya usafi na afya, wakikagua maziwa ya watoto, wakisaidia nyumba ambazo mama mwenyewe anaumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, vikundi vile viliwauguza askari bila kuuliza ni wa upande gani. Na miaka na miaka alifundisha watoto kanisani kwake, mjini Grafton. Alifariki tarehe 9 Mei 1905.

Binti yake, Anna, hakukubali mama yake apite hivi hivi. Tarehe 10 Mei 1908 ibada ya kuwakumbuka mama ilifanyika katika kanisa lile lile alimofundishia marehemu, na Anna akatuma maua meupe 500, ya aina aliyoipenda mama yake, yagawiwe kwa waumini. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza siku hiyo kwa taifa zima. Anna alishikilia jambo moja kwa ukali hadi mwisho wa maisha yake: jina la siku liandikwe kwa umoja. Kwa Kiingereza tofauti ni mahali panapowekwa kialama kimoja kidogo. Kwa Kiswahili tunaisikia vizuri zaidi: Siku ya Mama, si Siku ya Akina Mama. Alitaka kila mtu amkumbuke mmoja, yule wa kwake, na tabia zake, na sauti yake.

Basi niruhusuni nimkumbuke wa kwangu.

Mama yangu aliimba sauti ya pili. Aliiimba katika kwaya, na aliiimba nyumbani akifagia, akifua, akiwasuka dada zangu nywele, peke yake, bila mtu wa kushika sauti ya kwanza. Matokeo yake ni kwamba sisi watoto wanne tulikua tukijua tenzi zote kwa sauti ya pili, tukidhani ndiyo tuni yenyewe. Siku nilipojiunga na kwaya ya watoto na mwalimu akaanzisha utenzi nilioujua tangu tumboni, nilishtuka. Niliinua mkono nikasema mwalimu amekosea. Mwalimu aliniomba niimbe ninavyojua, nikaimba, akatabasamu akasema, “Wewe ni mtoto wa fulani.” Tangu siku hiyo nyumbani tuligawana. Mama akabaki na ya pili, Baba na besi yake, dada zangu wakachukua ya kwanza. Sasa, tangu mazishi, jioni tukianza wimbo kunakuwa na pengo katikati, na kila mmoja wetu anateleza kuelekea kulijaza, hata tunajikuta sote tunaimba sauti ya pili na hakuna anayeimba tuni. Baba anaacha tuendelee hivyo hivyo.

Alizijua nyayo zetu. Akiwa chumbani, mlango umefungwa, aliweza kusema ni nani anayepita na ana hali gani. “Leo unaburuza miguu, umekosana na nani?” Hakuwa mama wa kukumbatia kila saa, na aliweza kugomba hadi jirani akasimama kusikiliza. Lakini ugomvi wake haukulala. Uliisha jua likizama, na ishara yake ya kwamba umeisha ilikuwa kukutuma kitu kidogo kisicho na haraka, kama kumletea miwani ambayo iko hapo mbele yake mezani. Ukimpa miwani mmepatana.

Na alikuwa na daftari. Wengi mnalikumbuka, lile la jalada gumu la kijani. Alipojaza moja alinunua jingine la rangi ile ile. Tumekuta kumi na moja. Kila ukurasa una safu tatu alizozichora kwa rula: jina, shida, tarehe. Mlimwona akiketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mkasema ni unyenyekevu. Ulikuwepo, sikatai. Ila hasa alikuwa akihesabu visogo. Kutoka nyuma alijua kisogo kipi hakipo. Ukikosa Jumapili moja, jina lako liliandikwa kwa penseli. Ukikosa ya pili, lilipitishwa wino. Ya tatu alikuwa mlangoni kwako, na hakuja kukuuliza mbona huji kanisani. Alikuja kukuuliza una nini.

Kuna mwaka daftari hilo lilimponyesha, na nimepata ruhusa ya Baba kulisema. Fedha za kuwasaidia wagonjwa zilikuwa mikononi mwake, na maneno yakaanza kupita kwamba hazifiki zote. Sitamtaja mtu, wala sina haja ya kujua aliyeanzisha. Mama aliitwa mbele ya kikao akaambiwa aeleze. Mimi nilichemka, nilimwambia awarudishie ufunguo wao na fedha zao akae nyumbani na wajukuu. Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua. “Fedha si yangu,” akasema. “Ikiulizwa, inajibiwa.” Alikwenda na madaftari yake. Walipitia ukurasa kwa ukurasa, kila kilichotoka kiliandikwa kimekwenda kwa nani, na mahali ambapo mgonjwa aliomba asitajwe pameandikwa herufi mbili tu, na pembeni sahihi ya mchungaji wa wakati ule. Hesabu ilitimia. Kulikuwa na sehemu mbili ambapo kilichotoka kilizidi kilichoingia, na hapo ndipo kikao kiligundua kwamba ziada ile aliitoa kwake.

Walimwomba radhi. Akawaambia walifanya vyema kuuliza, na wawe wanauliza kila mwaka bila kungoja maneno ya watu. Jumamosi iliyofuata alikuwa hapa na fagio lake. Nilikuja naye, bado nimenuna, na nikamwuliza njiani kama haimuumi. Alinyamaza hatua nyingi. Kisha akasema inamuuma sana, lakini vitambaa haviwezi kungoja hadi apone moyo.

Baba, hapa nataka nikutazame wewe. Watu wanamsifu mama kwa kutoka alfajiri. Ninajua ni nani aliyewasha taa na kumsindikiza hadi kwenye kona, miaka yote ile, hata zile siku ulizokuwa umerudi usiku kutoka kazini. Ulisimama pale mpaka ulipoona dirisha la kanisa limepata mwanga, ndipo ukarudi kutuamsha. Hilo nalo nililiona.

Miezi yake ya mwisho ilikuwa migumu, na ugumu wake mkubwa haukuwa maumivu. Ulikuwa kupokea. Mtu aliyekaa maisha yote upande wa kitanda ambako kuna kiti, sasa amelala, wengine wameketi kwenye kiti. Akina mama mlipokuja kwa zamu, alijaribu kuinuka awakaribishe. Mlipofua shuka zake aligeuza uso ukutani. Ilikuwa kama wiki ya tatu hivi ndipo akaacha kushindana. Dada yangu mkubwa alileta beseni, mimi nikachukua kikata kucha kutoka kwenye mkoba ule ule. Mikono yangu ilitetemeka, nikakata moja karibu mno na nyama. Akafumba macho kidogo, akasema, “Loweka zaidi. Usiwe na haraka, mimi siendi popote.” Tuliloweka zaidi. Nilipomaliza mguu wa pili alikuwa amelala usingizi, na nilibaki nimeushika mguu wake kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyodai.

Siku mbili kabla hajatuacha aliomba daftari la mwisho. Hakuweza tena kuandika. Alimtajia Baba majina saba ya kuandikwa, kila moja na shida yake, na akasisitiza tarehe ziachwe wazi, zijazwe na atakayekwenda. Ukurasa huo nimeunakili, na nimempa mchungaji nakala leo asubuhi. Wanne kati ya hao saba tumekwisha kuwatembelea. Watatu wamebaki, na mmoja wao anaishi juu kule ambako hakufikiki kwa gari, kwa hiyo anahitaji mwenye miguu mizuri.

Wazee wa kanisa waliniomba ufunguo huu niurudishe kwao. Nimewaomba nami wanikubalie niukabidhi moja kwa moja kwa dada yule aliyekuwa akija kumsaidia mama kufagia miaka hii mitatu, nao wamekubali. Dada, sogea. Kitambaa cha meza ya Bwana kiko nyumbani, kimefuliwa, bado hakijapigwa pasi; njoo Jumamosi tufanye pamoja, mimi na wewe, na wengine wawili kutoka katika umoja wamekwisha kuniahidi kwamba watakuja. Usiukubali mzigo huu peke yako. Akitokea mtu akakuambia wewe ndiye Mama sasa, mwambie akuletee ndoo ya maji.

Kipande cha bluu usikitoe, utakihitaji gizani. Na mlango huu una tabia yake, mama alinifundisha: ukiingiza ufunguo usiuzungushe mara moja, utakwama. Vuta kwanza mlango kuelekea kwako, kwa bega, hivi. Ukisikia umelegea, ndipo uzungushe.